Kisanduku cha siga dirishani

Kaka, umeuliza kama kisanduku chenye kifuniko cha kioo kinaweza kukaa dirishani, kwa kuwa kila siga ina nailoni yake. Hapana, kitoe leo hii! Nailoni ile inapitisha mwanga. Niliwahi kuvua pete ya karatasi kwenye siga iliyopigwa jua: chini ya pete jani lilikuwa kahawia iliyokolea, kwingine kote limepauka. Rangi hiyo hairudi tena. Joto ndilo baya zaidi, maana likizidi nyuzi 25 hivi, mayai ya mdudu wa tumbaku yanaweza kuanguliwa humo ndani. Kiweke kabatini, mbali na jiko, unyevu asilimia 65 hadi 70. Kama kabati huna, funika kioo kwa kitambaa kizito.