Weka hizo dawa chini mpaka utoe sampuli

Usimeze hata kimoja. Umesema kondomu ilipasuka siku nane zilizopita, mkojo unachoma, usaha umeanza kutoka, na wa kemisti hapo Kondele, Kisumu, amekuuzia antibiotiki mbili, sipro (ciprofloxacin) na Flagyl, umalize zote, kisha wiki ijayo ndiyo ukapimwe kuhakikisha umepona. Umepona nini, ikiwa hakuna aliyejua unaugua nini?

Ushauri huo unaniuma kwa sababu vijana wanaupewa kila siku, Kisumu hadi Nakuru, na mtu aliyevaa koti jeupe asiyekuuliza hata swali moja la maana. Flagyl huua trikomona, kidudu kingine cha zinaa; kisonono, kinachoshukiwa kwanza kwa usaha kama wako, haikigusi. Sipro nayo kisonono kimeizoea kitambo, na mwaka 2016 WHO ilisema wazi isitumike tena kukitibu. Siku hizi kisonono hutibiwa kwa sindano ya antibiotiki iitwayo seftriaksoni. Klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa ambao mara nyingi huja pamoja nacho, hutibiwa kwa doksisaiklini ya miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 7. Kwa hiyo umelipia mchanganyiko ambao huenda usitibu lolote kati ya hayo mawili.

Na bado pesa si hasara kubwa. Dawa isiyotosha hupunguza usaha, maumivu yanatulia, unajiona mzima, huku wadudu waliobaki wakipanda taratibu hadi kwenye korodani. Kwa msichana ni mirija ya uzazi, inayoweza kuziba bila yeye kuhisi chochote. Hapo ukienda maabara wiki ijayo, jibu halitakusaidia kwa upande wowote. Wakiotesha sampuli, yaani kukuza wadudu maabara, wadudu waliodhoofishwa na dawa hawaoti, unaambiwa hakuna kitu, na hata nafasi ya kujua ni dawa gani ingewaua inapotea. Wakipima kwa PCR, mashine husoma vinasaba hata vya wadudu waliokufa, kwa hiyo waweza kuambiwa unaugua wakati umepona. Ndiyo maana PCR ya kuangalia kama tiba imefaulu hungojwa wiki 3 hadi 4 baada ya dawa. Wiki ijayo! Nani alimfundisha huyo?

Sampuli kwanza, dawa baadaye, hata kama zinafuatana kwa dakika kumi. Afisa wa kliniki akikupima na kukudunga sindano siku hiyo hiyo kwa kuangalia dalili tu, sawa kabisa, mradi sampuli imeshachukuliwa.

Kwa mwanaume mwenye usaha, huchukua usaha kidogo kwa pamba, wakaupaka kwenye kioo na kuutazama kwa hadubini. Kisonono huonekana hapo hapo. Klamidia haionekani, kwa hiyo ulizia PCR. Mashine ya GeneXpert inayopima TB inaweza kupima yote mawili, ila si kila maabara ina vifaa vyake. Kwa PCR ya mkojo, kaa angalau saa moja bila kukojoa, kisha kinga ule wa mwanzo kabisa, mililita 20 hadi 30, usijaze kikopo. Wengi hukosea hapa kwa kukinga mkojo wa katikati, ambao ni wa kupima UTI (maambukizi ya njia ya mkojo). Wadudu unaowatafuta wameshamwagika chooni. Msichana asitoe mkojo kama anaweza kupata pamba ya ukeni, maana hiyo hukamata zaidi.

Damu ya HIV na kaswende toa siku hiyo hiyo, kisha rudia miezi 3 ikitimia tangu siku ya tukio, kwa sababu jibu safi la leo halisemi chochote kuhusu usiku ule. PEP, dawa za kuzuia HIV baada ya tukio, ingekufaa ndani ya saa 72 tu, zimepita. Kondomu ikipasuka tena, usingoje dalili, kimbia siku hiyo hiyo. Kwako hospitali ya Jaramogi ni karibu, ile wazee wanaiita Russia, na kipimo cha HIV katika hospitali za umma ni bure.

Yule dada uliyelala naye mpigie leo, hata kama hana dalili. Naye atoe sampuli kabla ya dawa, kisha mkae siku 7 baada ya wote wawili kutibiwa bila kulala pamoja wala na mtu mwingine. Ukitibiwa peke yako utaupata tena kwake.