Nimepanda nyasi za porini, hazikuota. Nimekosea wapi?

SWALI: Mtaalamu, mimi ni mfugaji wa Kongwa. Kando ya barabara kuna nyasi zenye masuke yenye manyoya kama mkia wa mbweha. Ng'ombe wanazipenda sana na kiangazi hazifi. Januari nilivuna mbegu, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha nikapanda wiki ileile, nikifukia kama ninavyofukia mahindi. Hakuna kilichoota. Je, nyasi hizi hazipandiki?

JIBU: Zinapandika, ndugu yangu. Kwa maelezo yako, hiyo ni Cenchrus ciliaris, nyasi ya kudumu ya hapa hapa kwetu. Jina ciliaris limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kope, kwa ajili ya hayo manyoya. Umekosea mambo mawili, haraka na kina.

Tuanze na haraka. Mbegu mbichi ya Cenchrus imelala. Hata ukiipa maji na udongo mzuri, nyingi haziamki mpaka zikae kavu miezi sita au zaidi. Ndivyo nyasi hii inavyojilinda: ingeota yote kwa mvua ya Januari, kisha mvua ikakata, kizazi kizima kingekauka. Kwa hiyo vuna mwishoni mwa msimu, Machi na Aprili, upande Desemba. Pitisha suke kiganjani. Likipukutika lenyewe limekomaa, ukilazimika kulivuta liache. Anika kivulini siku chache, tia kwenye gunia la katani, si mfuko wa nailoni, na uliinue juu ya sakafu panya wasilifikie.

Tahadhari nyingine: kishungi chenye manyoya si mbegu, ni ganda lake. Sugua vichache kiganjani utafute punje ndogo ngumu ndani. Vingi vya porini ni vitupu, na mtu anaweza kubeba gunia zima la manyoya akidhani ana mbegu. Ndiyo maana Novemba nakushauri uhesabu vishungi 100, uvitandaze juu ya kitambaa chenye unyevu, usubiri wiki mbili. Vikiota 30, kilo 2 zinatosha ekari moja. Vikiota 10, weka kilo 6. Visipoota kabisa, usipoteze nguvu za ng'ombe wako kulima.

Sasa kina. Hindi lina akiba ya chakula ya kulisukuma kutoka sentimita 5 chini. Punje ya Cenchrus haina. Ikizidi sentimita 1 au 2, mara nyingi inafia njiani. Pitisha plau upate mifereji midogo inayokinga mteremko, ili maji yatulie. Changanya mbegu na mchanga mkavu au samadi iliyochekechwa, maana manyoya yanashikana na mkono hautawanyi sawasawa. Nyunyiza kwenye udongo uliotifuliwa pembeni mwa mfereji, si chini kabisa ambako tope litaifunika. Kisha buruta tawi la miiba juu yake, basi. Panda siku chache tu kabla ya mvua. Ukitangulia mno, sisimizi watakuhamishia shamba lote kwenye shimo lao.

Eneo lenye mbuga nyeusi inayotuamisha maji liache, nyasi hii haivumilii miguu kulowa. Kichanga na udongo mwekundu ndiko kwake.

Mwaka wa kwanza ndio unaowashinda wengi, na si kwa sababu ya utaalamu. Nyasi imesimama kijani, ng'ombe wamekonda, jirani naye anaomba. Usiingize mnyama. Mizizi bado ni mifupi, ng'ombe atang'oa shina zima. Palilia mara moja, acha masuke yapukutike yenyewe ili mapengo yajazike, halafu kata majani makavu ukayahifadhi, ukiacha kisiki cha sentimita 10 hivi. Msimu wa pili ruhusu malisho kwa zamu. Kama kijijini kwenu mna desturi ya kutenga malisho ya kiangazi, kama ngitili za Wasukuma, eneo hilo ndilo la kuanzia, kwa sababu tayari watu wanaheshimu mpaka wake.

Usipande pembezoni mwa shamba la mtama. Vishungi hushika nguo na manyoya ya mbuzi vikasafiri. Australia na Arizona, walikoipeleka kwa ajili ya malisho, leo wanahangaika kuing'oa. Kwetu ni mwenyeji, lakini palizi ya mtama ukiwa umejaa Cenchrus si ya kumtakia mtu.