Bahari ya Paje kupauka kwenye karatasi

Yakhe, umeuliza kwa nini bahari ya Paje kwenye kompyuta inawaka halafu picha zikirudi kutoka studio zimepauka kama kanga iloanikwa juani wiki nzima. Si wino, wala usimlaumu kijana wa mashine. Umesema kamera umeiseti Adobe RGB, yaani mpangilio wa kuandika rangi kwa namba, hiyo ya 1998, kweli ina rangi nyingi kushinda sRGB, ule mpangilio wa kawaida, hasa kijani na ile buluu ya maji, lakini mashine nyingi za studio zinategemea sRGB, sasa faili lisipogeuzwa namba zinasomwa vyengine na rangi zinakufa. Kwenye Photoshop tumia Convert to Profile, chagua sRGB, seviu kopi (orijino usiiguse!). Assign Profile achana nayo, ile inabadilisha kibandiko cha faili tu (jina la mpangilio), namba zinabaki zilezile. CMYK nayo, yaani rangi za wino za mitambo ya uchapaji, usigeuze mwenyewe, labda iwe kalenda na mchapaji kakupa profaili yake, yaani faili la maelezo ya rangi za mtambo wake. Na punguza mwanga wa skrini, mie nilikuwa nimeuweka mwisho kabisa nikaona kila picha inatoka kiza. Ila ile buluu ya saa sita mchana, nyengine haikai kwenye karatasi hata ufanyeje.