Jibu kwa mleta uzi wa "siri za urembo za Wainka": nilikaa kule miezi mitano, soma kabla hujaagiza mzigo

Dada mleta uzi, umeuliza mambo mawili, kwanza kama hizi "siri za Wainka", wale watu wa kale wa milima ya Andes, zinazouzwa mtandaoni (nafaka ya kwinoa, mzizi wa maka, mti wa kunukia wa palo santo, udongo wa Andes) zinafanya kazi kweli, pili kama unaweza kuanzisha laini yako ya sabuni na mafuta hapa Dar kwa jina hilo. Waliojibu juu wanabishana tu. Mi nilikaa mkoa wa Cusco, Peru, miezi mitano mwaka 2018, kwenye nyumba ya mama mmoja mfumaji kijiji cha Chinchero, kwa hiyo ngoja niseme nilichokiona, ni ndefu, vumilieni.

Chinchero iko mita kama 3,760 juu ya bahari, yaani ni kama watu wamejenga kijiji pale Horombo njia ya Kilimanjaro halafu wakalima viazi na kuishi maisha yao. Baridi, upepo mkavu, na jua usiombe, kila ukipanda mita 1,000 ile miale inayounguza ngozi inaongezeka kwa asilimia 10 hadi 12. Mi ni mtu wa Tanga, nimezoea joto lenye unyevu, wiki ya kwanza tu midomo ilipasuka ikatoka damu, mikono ikawa kama ya mtu aliyeshinda kwenye unga wa ngano. Watoto wa kule mashavu yao mekundu yamekwaruzika, watalii wanapiga picha wanasema jamani wazuri, kumbe ni baridi na jua vimekula ngozi. Siku moja mama mwenye nyumba akamwita mjukuu wake ampake, nikakaa mkao wa kula, nikijua leo naiona dawa ya mababu. Akatoa kopo la vaselini. Nilicheka mpaka akaniuliza nacheka nini. Kinga yao kubwa ni kofia, mwanamke wa kule kutoka nje bila kofia ni kama mama wa pwani kutoka bila kanga.

Lakini kuosha, hapo ndio nilivua kofia yangu. Wana mzizi unaitwa saqta, unafanana na kipande cha muhogo uliokauka. Mama anaukwangua kwenye grata, ile ile ya kukwangulia karoti, kwenye bakuli la maji ya moto, anachovya mkono anapiga piga, povu linapanda jeupe kama la sabuni ya unga. Halafu anatumbukiza sufu ya kondoo iliyojaa mafuta na mavi, rangi ya kijivu chafu, anaikamua mara tatu nne inatoka nyeupe. Maji yanabaki meusi tii. Hamna sabuni, hamna kemikali ya dukani. Aliponiona nimetoa macho akanimwagia kwenye kichwa, nywele zangu za kipilipili zikatoka safi ila kavu kweli kweli, ilibidi nipake mafuta mara mbili.

Kinachofanya kazi pale ni saponini, kitu cha asili kwenye mimea kinachotoa povu kama sabuni, na kwinoa nayo inayo kwenye ganda la nje, ndiyo ule uchungu unaofukuza ndege shambani. Wanawake wanaisugua na kuisuuza mpaka uchungu uishe, na yale maji yenye povu wengine hawamwagi, wanafulia nguo au wanaoshea nywele. Sasa sikia kituko changu. Nimerudi Dar nikanunua kwinoa supamaketi, bei yake sitaki hata kukumbuka, nikaloweka usiku kucha nioshee nywele, asubuhi povu hamna, maji ya mchele tu. Kumbe ya dukani imeshaoshwa kiwandani kabla ya kufungwa. Kwa hiyo ukiona mtu anakuuzia "shampuu ya kwinoa ya kienyeji" muulize saponini imetoka wapi. Na saponini si ya kuchezea usoni, wenzangu wa Tanga mnajua utomvu wa mkonge unavyowasha mikono ya wakata mkonge, na wenyewe una saponini pia. Ikiingia machoni utalia siku nzima.

Rangi ya midomo je? Hii ni kweli na ni nzuri. Kwenye mpungate wanafuga kadudu kadogo keupe kama vumbi, kochinila. Mama alikachuna kamoja akakaponda kwenye kiganja, damu nzito ya zambarau ikatoka, akapaka mdomoni akasema hii hata ukibusu haitoki. Akakamulia ndimu kidogo ikageuka rangi ya chungwa, akaongeza chumvi fulani ya magadi ikarudi zambarau iliyokolea, yote kwenye kiganja kimoja, kama mwalimu wa kemia. Peru ndio mzalishaji mkubwa duniani wa hiyo rangi na ipo kwenye lipstiki nyingi ulizoshika bila kujua, tafuta kwenye paketi neno carmine au namba CI 75470, kwenye vyakula ni E120. Wanaokwepa wadudu kwa sababu ya dini, au wenye aleji, soma lebo.

Sasa tuje kwenye uongo maana ndio uko mwingi. Palo santo hautoki milimani, ni mti wa misitu mikavu ya pwani ya Ekwado na kaskazini mwa Peru. Sacha inchi, ile mbegu ya mafuta unayotajiwa kila siku, ni ya msitu wa Amazon, kwenye joto na mvua, siyo baridi ya Cusco. Ile sauna ya temazcal wanayouziwa watalii Cusco ni ya Meksiko. Na ile marashi ya Agua de Florida ambayo waganga wa kule kweli wanaipulizia wagonjwa, nikadhani hii sasa ya Wainka, kumbe asili yake New York, inauzwa tangu 1808! Simaanishi ni mbaya, waganga wenyewe wameipenda wakaifanya yao, sisi hapa udi tunaouchoma kwenye harusi nao umekuja kwa meli. Ila usiandike kwenye chupa "siri ya miaka 5,000".

Udongo ndio ulinimaliza. Niliona barakoa ya uso ya udongo wa Andes mtandaoni, bei ya kuku watatu. Kule Puno, mkoa mwingine wa Peru, wana udongo unaitwa ch'aqo, nikamuuliza mama wanapaka vipi. Akanishangaa. Wanaula! Wanaukoroga na maji na chumvi wanachovya viazi, hasa vile vichungu, inapunguza ule uchungu na tumbo halisumbui. Nikamwambia hata kwetu wajawazito wanakula udongo wa pemba, tukaelewana vizuri sana siku hiyo kuliko siku nyingine zote.

Kosa langu kubwa lilikuwa munya. Ni jani la milimani lenye harufu kama mnanaa, wanakunywa chai yake tumbo likijaa gesi na wanaliweka katikati ya viazi ghalani wadudu wasiingie. Chai tamu. Mi nikanunua mafuta yake yaliyokamuliwa, nikapaka kavu kavu kwenye paji la uso kwa sababu kichwa kiliuma na urefu ule wa mlima, dakika kumi nikawa nimeungua, alama ilikaa wiki mbili. Mama alinikaripia kama mtoto, akasema jani ni jani, ukilikamua ndoo nzima kuingiza kwenye kichupa hilo siyo jani tena. Hayo mafuta yana kitu kinaitwa pulegoni ambacho kikizidi mwilini kinaumiza ini, kwa hiyo kwa bidhaa ya kuuza kaa mbali nayo. Na krimu zenye majani ya koka, mmea unaotoa kokeini, utaziona nyingi Cusco, usithubutu kuweka begini, koka iko kwenye orodha ya dawa za kulevya na pale uwanja wa ndege hakuna atakayesikiliza habari za urembo wa asili.

Kuhusu biashara, hapa naomba unisikilize kama dada mkubwa. Wale watu wameumizwa na hili jambo. Mwaka 1994 chuo kimoja Marekani kilipewa hati miliki ya aina ya kwinoa inayolimwa Bolivia, wakulima wakapiga kelele mpaka 1998 ikaachwa. Maka nayo kampuni za Marekani zikapata hati miliki, na 2002 Peru ikatunga sheria ya kulinda maarifa ya wazawa. Na hata kwinini, Tanga wenzangu mnajua Wajerumani walipanda miti yake kule Amani, Usambara, basi mbegu bora kuliko zote zilikusanywa Bolivia na mzawa mmoja wa kabila la Waaimara, Manuel Incra Mamani, mwaka 1865, zikaenda kisiwa cha Java Waholanzi wakatajirika, yeye alifungwa akapigwa na akafa kwa hayo. Kule kwao kuna neno ayni, nikikusaidia kuvuna leo kesho unakuja kwangu, na hata ardhi wanailipa, tarehe 1 Agosti wanampa Pachamama, yaani Mama Ardhi, chakula, majani matatu ya koka yanapulizwa kwanza. Kwa hiyo ukitumia jina lao kwenye kopo na hakuna hata senti inayorudi, wao wanaona umevuna ukakimbia.

Mi nilichofanya, nimerudi nikaanza kukwangua na kujaribu vya kwetu, liwa, mwani wa Zanzibar, mafuta ya nazi niliyokamua mwenyewe, sabuni yangu haina jina la Inka hata moja na inauzika. Kutoka kule nimebakiza kofia tu, kila saa nne asubuhi naivaa, majirani wameshachoka kuniuliza.

Kama bado unataka kitu cha kule, chukua mafuta ya sacha inchi kutoka kwa ushirika wa wakulima wenyewe, chupa ndogo kwanza, weka kwenye friji, yana omega 3 nyingi kwa hiyo yanaharibika haraka. Siku yakianza kunuka kama rangi ya kupaka mbao usimpake mtu, mwaga.