Jiwe Likinuka Kitunguu Saumu, Usilipeleke Motoni

Ukiligonga jiwe kwa nyundo likanuka kitunguu saumu, lina aseniki, nayo ni sumu. Sisi wachimbaji wa dhahabu wa Migori na Kakamega, Kenya, tunalifahamu: jeupe-kijivu, zito, linametameta kama bati jipya. Ni asenopairiti, na karibu asilimia 46 ya uzito wake ni aseniki. Dhahabu yake hujificha ndani kwa chembe ndogo mno, ndiyo maana zebaki na sianidi, dawa tunazotolea dhahabu, hazifai: zebaki haiishiki na sianidi huambulia kidogo.

Basi mashimoni utashauriwa uchome makinikia (mchanga mzito wa madini unaobaki baada ya kusaga na kuosha mawe) kwenye bati juu ya makaa, eti sumu itoke. Kutoka itatoka, lakini itakwenda wapi? Inapaa kama moshi mweupe, ikipoa inatua kuwa unga kwenye paa, sukuma wiki na mtungi wa maji. Nimeshuhudia kijana akiupangusa unga huo ukingoni mwa bati kwa kiganja, kisha akaendelea kutafuna mahindi yake. Kule Kanada, mgodi wa Giant, Yellowknife, ulichoma mawe ya namna hii kwa miongo kadhaa. Tani 237,000 za unga ziko chini ya ardhi hadi leo, nao walikuwa na mitambo ya kuunasa!

Wenye mitaji wana njia nyingine. Mgodi wa Fairview, Afrika Kusini, tangu 1986 wanatumia bakteria matangini kuvunja salfaidi, yaani madini yenye salfa yaliyoifungia dhahabu. Aseniki huyeyukia kwenye tindikali, kisha hugandishwa kwa chuma kingi na chokaa. Usijaribu hayo kwenye pipa nyumbani.

Wachimbaji wa shaba nao wasijidanganye: China haipokei makinikia ya shaba yenye aseniki inayozidi asilimia 0.5, na wanunuzi hukata bei mapema.

Mimi husaga, nikatoa kwanza dhahabu iliyo huru kwa maji na karai. Ule mchanga mzito unaobaki nautia kwenye magunia yenye plastiki ndani, chini ya paa, mbali na mto. Sampuli ikienda maabara naomba wapime aseniki pamoja na dhahabu, maana wengi hupima dhahabu tu. Kisha tunauza kwa kikundi, kwa mwenye mtambo unaostahili. Bei yake inauma, sikatai.

Kisima kilicho karibu na mabaki kipimwe pia. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) ni maikrogramu 10 za aseniki kwa lita. Na mama asiambiwe achemshe maji hayo: aseniki haiondoki kwa kuchemshwa, inazidi makali maji yanapopungua.