Je, Hewa Chafu ya Mjini Inaacha Alama Katika Seli?

SWALI: Ndugu Mhariri, kazi yangu ni ya kukaa kutwa kando ya barabara yenye magari mengi, nami nimesoma kwamba moshi wake huharibu vinasaba. Uharibifu huo hupimwaje? Nikipimwa, nitajua kama nitapata saratani?

JIBU: Nianze na swali lako la pili, kwa kuwa ndilo linalokukosesha usingizi: hapana, hakuna kipimo cha aina hiyo kitakachokutabiria saratani wewe binafsi. Hofu yako hata hivyo ina msingi, kwani mwaka 2013 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka uchafuzi wa hewa ya nje katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani kwa binadamu.

Kipimo kinachotumiwa sana huitwa kometi. Seli nyeupe za damu hutandazwa ndani ya jeli juu ya kioo, kisha huyeyushwa kwa chumvi na sabuni mpaka ibaki DNA, yaani ule uzi unaobeba vinasaba, peke yake, halafu mkondo wa umeme hupitishwa. DNA iliyo nzima hubaki mahali pake, ilhali iliyokatika huvutwa kuelekea upande chanya, hata chini ya darubini ikaonekana kama nyota yenye mkia. Kadiri mkia unavyobeba DNA nyingi, ndivyo mikato ilivyo mingi. Tatizo ni kwamba seli huiunga sehemu kubwa ya mikato hiyo ndani ya saa chache, kwa hiyo kometi husimulia habari za karibuni tu.

Kwa habari za zamani kidogo huhesabiwa viini vidogo. Seli inapogawanyika, kipande kilichovunjika cha kromosomu (furushi la DNA iliyokunjwa), au hata kromosomu nzima, huweza kuachwa nyuma na kujifungia katika kiini chake chenyewe kando ya kiini kikuu kinachohifadhi DNA ya seli. Viini hivyo hutafutwa katika damu, au katika seli zilizokwanguliwa kwa brashi ndani ya shavu, njia ambayo mimi naipenda kwa kuwa haihitaji sindano.

Ugumu hasa umo katika kufasiri hesabu. Umri, sigara na eksirei navyo huathiri vipimo hivi, ndiyo maana watafiti hulinganisha kundi la watu wanaovuta hewa chafu na kundi jingine linalofanana nalo kwa mambo mengine yote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliohusisha watu zaidi ya 6,700 kutoka nchi 10, ulionyesha kwamba waliokuwa na viini vidogo vingi katika damu walipata saratani zaidi baadaye. Lakini huo ni wastani wa kundi, na wengi miongoni mwao hawakuugua. Kama una kikohozi kisichokwisha au pumzi hukubana, muone daktari kwa hayo, wala usisubiri kipimo cha vinasaba.