Duka la dawa si duka la Mangi

Mwaka wa kwanza wa duka langu la dawa hapa Morogoro niliuza kwa daftari. Mwaka wa pili nikajiona nimekua, nikanunua laptopu ya mtumba pamoja na programu ya mauzo ambayo jirani yangu wa vipodozi aliisifia mno. Kwake ilikuwa sawa kabisa. Losheni inaingia chupa moja, inatoka chupa moja, imekwisha hiyo.

Mimi mteja wangu wa kwanza asubuhi ile alitaka panadol nne. Boksi ninaloletewa lina stripu kumi za vidonge kumikumi, na mtaani kwetu dawa za maumivu hununuliwa kwa kuhesabu vidonge, kulingana na chenji iliyopo mfukoni. Programu ilijua boksi tu. Binti anayenisaidia kuuza akabuni njia yake: anaweka alama za kalamu pembeni, vikifika mia anaandika kuwa kauza boksi moja. Siku akisahau, basi. Mwisho wa mwezi ananiambia, "Dada, kompyuta inasema tuna maboksi saba." Kwenye rafu yalikuwa manne na vipande.

Hilo ningelivumilia. Kilichoniuma ni tarehe.

Januari nilipokuwa napanga rafu upya nikakuta nyuma kabisa chupa za amoksilini ya watoto, ile ya unga, zimeisha muda tangu Novemba. Mzigo mpya ulikuwa umewekwa mbele, ndio uliokuwa ukiuzwa. Kompyuta ilisema nina chupa 31 na nilipohesabu zilikuwa 31. Haikudanganya. Ila 14 kati ya hizo hazikuwa dawa tena, na programu ile haikuwa na mahali popote pa kuandika tarehe. Mtu wa vipodozi anaweza kupona na hilo kwa muda. Mimi angekuja mkaguzi siku hiyo, au mbaya zaidi mama mwenye mtoto anayechemka homa, sijui ningesema nini. Na dawa zilizoisha muda huwezi kuzitupa jalalani. Zinatengwa, unaomba ziteketezwe chini ya usimamizi, na gharama unazibeba wewe.

Ndipo nikatafuta programu iliyotengenezwa kwa ajili ya maduka ya dawa. Wiki ya kwanza niliichukia. Kila mzigo ukiingia inadai namba ya toleo, yaani ya kundi la dawa zilizotengenezwa pamoja, na tarehe ya kuisha muda, usipoandika haikuruhusu kuendelea. Kupokea mzigo kulikokuwa kwa nusu saa kukawa saa nzima. Lakini sasa ukiuza inakuonyesha uanze na toleo lipi, lile linalowahi kuisha, hata kama ndilo lililoingia mwisho. Miezi mitatu kabla, jina la dawa linageuka rangi ya machungwa, nami napata nafasi ya kumbembeleza muuzaji wa jumla anibadilishie, au angalau nisiagize nyingine. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wakitangaza kuwa toleo fulani liondolewe sokoni, naandika namba yake na kujua papo hapo kama ninalo. Zamani ningefungua boksi baada ya boksi.

Ukitaka kununua, usikubali maonyesho ya muuzaji anayekuonyesha soda na biskuti. Mpe bidhaa yako inayokusumbua zaidi. Mimi nilisema: pokea maboksi mawili yenye tarehe tofauti, uza vidonge vinne, nionyeshe vilivyobaki. Mmoja akajibu, "Hilo tutaliongeza baadaye, mama." Nikachukua mkoba wangu. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi aulize habari ya kununua nondo kwa tani na kuziuza kipande kimoja kimoja. Mwenye gereji aulize kama ataweza kutafuta kwa namba ya gari, aone lini mara ya mwisho lilimwagwa oili. Uliza pia intaneti ikikatika duka linauzaje, na siku ukiacha kulipia ada ya mwezi utapewa kumbukumbu zako au zitabaki kwao. Hilo la mwisho watu huwa hawaliulizi.

Yangu haijamaliza kila kitu. Haijaunganishwa na mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, kwa hiyo risiti naandika mara ya pili. Madeni ya wateja bado yako kwenye daftari, maana mtaani deni lina historia ndefu ambayo hakuna kisanduku cha kompyuta kinachoitosha. Na kama unauza maandazi na chai, sioni haja ya kulipia kitu chochote, kalamu inakutosha.

Jana usiku baada ya kufunga tulihesabu. Amoksilini ya watoto chupa 19, kompyuta 19. Panadol sawasawa hadi kidonge. Mabomba ya sindano yamepungua mawili, na binti anaapa hajayagusa.